Kamba ya Kufungia Upepo

Drina Swanepoel alizaliwa ndani ya gari la ng'ombe katikati ya mto, maji yamefika kwenye ekseli, na ng'ombe wote kumi na sita wakageuza shingo kumtazama. Hivyo ndivyo alivyoniambia mwenyewe. Mama yake alisema huo ni uongo mtupu, mtoto alizaliwa kitandani siku ya Jumanne na ng'ombe walikuwa malishoni. Mimi nilimwamini Drina. Mtu aliyezaliwa kitandani hawezi kuwa na nyayo kama zile. Akikanyaga mwiba, mwiba ndio unaolia.

Nyayo zake nazijua kwa kuwa nilikua nazifuata. Tulikuwa rika moja. Mama yangu alifanya kazi ya kukoroga siagi kwenye chumba chao cha maziwa, nami nikalelewa mlangoni pa jikoni kwao, uwanda wa Uasin Gishu, pale ukisimama unakiona kilima cha Sergoit kimejikunja kama simba aliyeshiba. Makaburu walifika huko na magari yao ya ng'ombe kabla hatujazaliwa, wakaambiwa na serikali kwamba nchi ni tupu. Nyumbani kwetu tulijua nani alikuwa akichunga pale, ila tulilisema kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Watoto hawana sauti ya chini. Siku moja nilimwambia Drina, "Hicho kiti chako kimekaa juu ya zizi la babu yangu." Akainuka, akainama kuchungulia chini ya kiti, akasema, "Ndiyo maana kinanuka!" Tulicheka mpaka mama akatufukuza na mwiko.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya Hitla. Sukari ilikuwa ya kulamba kwa ncha ya kidole. Kahawa yao ilikuwa mahindi yaliyokaangwa mpaka yakawa meusi, wakachovya humo mikate yao mikavu na kusifu kana kwamba ni kahawa kweli. Nguo ya Drina ilishonwa kwa gunia la unga, na muhuri wa kinu ulikaa pale pale matakoni, hivyo akikimbia mbele yako ulisoma unga gredi ya kwanza, kama unajua kusoma. Mimi sikujua. Gari lao lilipandishwa juu ya mawe kwa kukosa petroli, kuku wakataga kwenye viti. Leo nikifumba macho nainusa nyumba ile: sabuni ya mafuta ya ng'ombe, nyama kavu inayoning'inia jikoni, na yale mahindi yaliyoungua.

Mwenye nyumba alikuwa Oupa, maana yake babu kwa lugha yao. Nilipaswa kumwita Bwana, lakini nilimwita kama Drina alivyomwita naye hakunikataza. Ndevu zake zilikuwa nene hivi kwamba kuku mmoja aliwahi kuangua humo vifaranga watatu. Anayebisha abishe. Wafanyakazi walimwita Bwana Amina Bado, kwa sababu ya sala zake. Kanisa lao lilikuwa mbali, Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret, nao walikwenda mara nne kwa mwaka kushiriki meza ya Bwana. Jumapili nyingine zote Oupa ndiye aliyekuwa mchungaji na sebule ndiyo kanisa. Watu wa nyumba walisimama nyuma ya viti vyao, macho wamefumba, na kwa desturi yao hakuna kufumbua wala kukaa mpaka Amina isikike. Na Amina ya Oupa ilikuwa haina haraka ya kufika.

Mwanawe aliitwa Faan, baba yake Drina, naye alikuwa vitani. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Oupa alipokuwa mtoto huko kusini, askari wa Kiingereza walichoma nyumba yao, mama yake akafia kambini walikofungiwa wanawake na watoto. Sasa Faan akajiandikisha kumpigania mfalme wa watu hao hao. Siku ya kuondoka walikutana kwenye lango la ndama. Faan alikuwa na kopo la grisi mkononi, amekuja kupaka bawaba, kwa sababu lango lile lilikuwa likilia kama fisi aliyefiwa.

Oupa akamwambia, "Ukivaa nguo za watu hao, usilishike tena lango langu."

Faan akaliweka kopo juu ya nguzo, akaenda zake. Baba yangu, Arap Lelei, aliondoka naye siku ile ile. Alikuwa mwendesha ng'ombe wake, akaambiwa sasa atabeba bunduki nyuma ya bwana wake yule yule.

Tangu hapo Oupa hakulitaja jina la mwanawe. Akilazimika alisema "yule mtu." Na lango hakutaka liguswe na yeyote. "Kuna mtu alisema atalipaka," alisema, "basi." Kwa hiyo lililia asubuhi ndama wakitoka na jioni wakirudi, miaka mitatu kufikia kisa hiki, na kopo likaota kutu juu ya nguzo.

Mkewe Faan, Memsabu Sannie, alikuwa na mimba siku hiyo. Akamzaa Kobus, na Kobus akakua akidhani baba ni picha. Alikuwa anailisha uji. Kioo cha picha ile kilifutwa mara nyingi kuliko madirisha yote ya nyumba.

Redio ilikuwa ya Faan. Ilikula betri ya lile gari lililokalia mawe, na betri nayo ilijazwa na pangaboi la mbao lililokuwa kwenye mlingoti juu ya paa. Upepo ukilizungusha, umeme unateremka kwa waya mpaka kwenye betri. Oupa hakukaa chumba kimoja na redio ile maana ilisema Kiingereza. Ila pangaboi alilisimamia yeye. Kila Jumamosi jua likielekea Mlima Elgon, alipanda ngazi na kamba ya ngozi ya ng'ombe, akalifunga. Jumapili gurudumu halizunguki. La gari, la cherehani, la baiskeli, la upepo, yote yalipumzika. Jumatatu asubuhi analifungua. Kwa muda mrefu niliamini kwamba Oupa ndiye anayeufunga upepo wa dunia nzima, na nilishangaa Mungu kumwachia mzee mmoja kazi kubwa hivyo.

Sasa sikieni tulilolifanya.

Mwaka wa arobaini na tatu, mwezi wa saba, baridi ilikuja ya kugandisha maneno mdomoni. Ulimsalimia mtu asubuhi, akaisikia salamu saa sita jua likishaiyeyusha. Drina alikuwa na vifaranga kumi na wawili wa bata mzinga, nao walianza kufa. Wawili wakaenda. Drina akalia, halafu akafuta kamasi akasema, "Taa ya gari ina joto." Tukaing'oa taa ya mbele, tukaichukua betri kwa siri, tukaunganisha waya, tukaiweka taa ndani ya sanduku. Alhamisi na Ijumaa vifaranga walikaa kama wako Mombasa. Walipata joto mpaka wakawa wanajipepea kwa mabawa. Jumamosi asubuhi tukairudisha betri mahali pake, tukapangusa mikono.

Saa sita mchana gari la ng'ombe lililopeleka krimu stesheni likarudi na barua. Memsabu Sannie aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa pale pale kwenye ngazi. Faan alikuwa kisiwa cha Seiloni. Mashine ya kunasa sauti ilifika kambini kwao, ikawanasa wachache kwenye sahani kama ya santuri, na sahani ikapelekwa Nairobi. Sauti yake itatoka redioni Jumapili tarehe fulani, saa kumi alasiri. Barua ilizunguka njiani wiki sita. Tarehe ile ilikuwa kesho.

"Kobus!" Memsabu akaita. "Kobus, kesho utamsikia Pa!" Pa kwao ni baba, wa kuzaa na hata mkwe. Akakimbilia redio kuijaribu. Ikalia *chwi* kama panya aliyekanyagwa, ikanyamaza.

Drina akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Drina, betri ina nini?"

"Bata mzinga, Ma."

Alitupiga kwa taulo la kufutia vyombo, Drina mara mbili, mimi mara mbili. Katika jambo hilo hakubagua. Kisha akatoka uani kutazama pangaboi. Limesimama tuli. Siku hiyo upepo ulikuwa umekwenda kusalimia jamaa zake, moshi ulipanda juu kama mkuki. Redio nyingine ya karibu ilikuwa kwa Mwingereza mmoja ng'ambo ya mto, mto umefurika, na hata usingefurika, gari la ng'ombe lina magurudumu.

Jioni Oupa akatokea na kamba yake. Memsabu akamshikia ngazi.

"Pa, nakuomba. Leo tu usilifunge. Usiku upepo ukija, utajaza kidogo."

"Kesho ni siku ya Bwana."

"Ni sauti ya Faan, Pa. Kobus hajaisikia hata mara moja."

Oupa akafunga fundo la kwanza. "Gurudumu halizunguki."

"Halizunguki kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya hasira yako?"

Mzee akaivuta kamba. Akafunga fundo la pili, akateremka ngazi moja moja, akapita kati yetu kama hatupo. Tukasikia lango la ndama linalia.

Drina alinivuta nyuma ya banda. Macho mekundu, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshafika mbali.

"Mimi kesho nitakuwa nyuma ya kiti, siwezi kutoka. Wewe je? Kwenu mna Jumapili?"

"Kwetu siku zote zinafanana."

"Basi ni wewe utakayepanda."

"Oupa atanichuna ngozi!"

"Achune nini, hiyo ya mjusi?"

"Mjusi ni shangazi yako."

"Nakupa vifaranga wawili."

"Wanne."

"Watatu. Na ukianguka ufe, utakula wapi hao wanne?"

Nikakubali watatu.

Jumapili asubuhi upepo ukaja. Ulikuja kama mtu aliyesikia kuna harusi, ukiangusha ndoo, ukipekua kuku manyoya. Pangaboi likajitingisha ndani ya kamba kama ndama aliyefungwa kamba mpya. Saa nne Oupa akavaa koti jeusi, akafungua Biblia kubwa kama mlango. Wakaimba zaburi. Niliposikia viti vinaburutwa nikajua sasa wamesimama, macho wanafumba. Nikapanda.

Fundo la Oupa! Nililiuma kwa meno, nikalivuta kwa kucha, nikalitukana kwa Kinandi na kwa Kikaburu, ndipo likalegea. Pangaboi likachukua upepo. Mwanzo likanong'ona, halafu likavuma, halafu likapiga kelele kiasi kwamba mabati yote yalitetemeka na vumbi la dari likawamwagikia waumini. Hilo hatukuwa tumelifikiria. Nilitaka kushuka, lakini ncha moja ya kamba ilikuwa bado kwenye mlingoti, nikiiachia ingeingia kwenye pangaboi. Nikakumbatia mlingoti, kamba mkononi, nikasubiri kuchunwa.

Tundu la dohani lilikuwa kando yangu, kila neno la sebuleni lilinijia.

Oupa alikuwa amenyamaza. Kobus akasema, "Oupa, linazunguka."

Pangaboi linavuma.

"Fumba macho," Oupa akasema. "Tunaongea na Mungu."

Akaendelea kuomba. Akaombea mvua, mahindi na ngano. Akawaombea majirani, mmoja mmoja, na mbwa wao. Nikadhani sasa Amina. Akaanza kuwaombea ng'ombe wa gari, wote kumi na sita kwa majina, kuanzia wawili wa mbele: Swartland apone kwato, Vaalpens aache uvivu. Akamwombea mama yangu na siagi yake. Nikasikia sufuria ya nyama inaungua jikoni, Memsabu akasogeza mguu, na Oupa akapandisha sauti kumkumbusha kwamba Amina bado. Akawaombea wagonjwa, wajane, wasafiri. Akaombea hata Waingereza. "Nao pia, Bwana," akasema, "kama una nafasi."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa kule juu na machozi ya upepo usoni. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka kuja kulifunga pangaboi kabla ya Amina. Na yeye hakuitoa.

Kuna wanaosema sala ile ilichukua saa mbili. Mimi nasema ni tano. Nilikuwa juu ya mlingoti, nani mwingine alikuwa na nafasi nzuri ya kulitazama jua?

Mwishowe akaishiwa. Alikuwa amewataja watu wote wa uwanda ule na mifugo yao. Likabaki jina moja. Upepo nao ukapunguka, pangaboi likashuka sauti, nikasikia mpaka saa ya ukutani.

"Na Stefanus," Oupa akasema. Hilo ndilo jina zima la Faan, la ubatizo. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Na Stefanus, mwanangu. Mtazame, Bwana. Mimi sikumtazama alipokuwa anaondoka."

Memsabu Sannie akalia kwa sauti. Drina naye. Upepo ukarudi, na Oupa, Mungu ampe pumziko, akashusha pumzi, akaanza upya na ng'ombe wa upande wa kushoto.

Amina ilipofika, alitoka uani, akainua ndevu.

"Jemeli! Unafanya nini huko?"

"Natafuta mayai, Oupa."

"Kuku wanataga kwenye mlingoti?"

"Wa kwetu, ndiyo."

"Basi shuka kabla hayajaanguliwa. Lakini ulifunge pangaboi kwanza, leo ni Jumapili."

Saa kumi walikusanyika mbele ya redio. Mama yangu na mimi tulisimama dirishani, upande wa nje, mahali petu. Oupa aliburuta kiti chake mpaka kizingitini: nusu ndani, nusu nje. Memsabu akazungusha kifungo, ikakohoa, ikaamka. Wakasema askari watatu tusiowajua. Kisha ikaja sauti nene, ya mtu anayesoma karatasi kwa Kiingereza kigumu kama mkate wa juzi. Memsabu akaziba mdomo. Anawasalimu mkewe na watoto. Yeye ni mzima. Arap Lelei ni mzima, amenenepa, amejifunza kunywa chai. Mama yangu akanishika mkono mpaka ukafa ganzi. Baba yangu hakuwekewa mashine mdomoni, lakini jina lake nalo lilivuka bahari, na mpaka leo nalisikia.

Kobus alikuwa ameangalia picha ukutani, halafu redio, halafu picha. "Anaongea!" akasema. "Amemaliza uji!"

Tukadhani kwisha. Mara Faan akaacha karatasi, akasema upesi kwa lugha ya kwao, kama mtu anayetupa kitu kabla mlango haujafungwa: "Pa, lile lango la ndama bado linalia?"

Oupa akainuka. Akaingia ndani, akaiinamia redio mpaka ndevu zikaigusa.

"Linalia," akasema. "Linalia, Faan. Njoo ulipake."

Aliyefuata alikuwa na sauti nyembamba, akisalimia watu wa Molo. Betri ikaisha katikati ya salamu zake. Hakuna aliyecheka kwamba mzee amejibu redio.

Faan alikuja kulipaka, mwaka wa arobaini na sita. Oupa alisimama kando yake akimwelekeza, kisha akalalamika wiki nzima kwamba hapati usingizi kwa ule ukimya. Baba yangu alirudi na buti na kifua kibovu, na shamba hakupewa na mtu. Drina aliolewa upande wa Moiben, akazaa mapacha, akanenepa, akaendelea kusema uongo mzuri. Mwaka kabla ya Uhuru walipakia lori kwenda kusini. Alikuja kuaga amevaa viatu vya kisigino. Akavivua mlangoni, akauzunguka ua wote peku, zizi, banda, lango, na mimi nyuma yake kama zamani. Viatu alivisahau. Vilinibana, lakini nilivivaa kanisani mpaka vikaomba vyenyewe kupumzika.

Lakini nimeruka. Jumamosi ile iliyofuata, jua likielekea Elgon, nilimkuta Oupa amesimama chini ya ngazi, kamba mkononi, anaangalia pangaboi linavyozunguka. Alisimama mpaka kivuli chake kikafika jikoni. Kisha akanigeukia.

"Jemeli, hebu itazame kamba hii. Naona imeoza."

Nikaishika. Ilikuwa ngozi mpya. Nilikuwepo Jumanne ilipokatwa, na ilikuwa bado inanukia ng'ombe.

"Imeoza kabisa, Oupa," nikasema.